Kayaba: Jina la Ua Lililosahau Tunda

Katika nyanda za juu za Kenya, mwenye shamba anayetaka ua usiopenywa na mbuzi wala mwizi hupanda kayaba. Hiki ni kichaka chenye miiba iliyonyooka, mirefu kama kidole, na kisipopogolewa hukua kikawa mti mdogo. Asili yake ni kusini mwa Afrika, na jina lake la Kiingereza hukinasibisha na mto Kei wa Afrika Kusini na kulifananisha tunda lake na tufaha.

Neno kayaba ni utohozi wa jina hilo la Kiingereza, na njia liliyopitia ingali inasikika katika sauti zake. Kei hutamkwa kai. Kikuyu, mojawapo ya lugha kuu za eneo ambamo nyua hizi zilienea, hakina /p/ wala /l/ miongoni mwa konsonanti zake za asili. Ndiyo maana polisi waliitwa borithi. Kwa mkondo huohuo, inaelekea /p/ iligeuka b, /l/ ya mwisho ikadondoka, na kiyeyusho y kikaingia kati ya irabu. Likapatikana kaiyaba, kisha kayaba, ambalo Kiswahili cha Kenya kimelipokea lilivyo. Mtaa wa Mukuru Kayaba jijini Nairobi unabeba neno hilohilo. Anayelijua neno kaya anaweza kushawishika kuliunganisha na ua unaozunguka makazi. Ufanano huo ni wa sadfa tu, ingawa sadfa za namna hii hulisaidia neno geni kuzoeleka.

Lenye uzito zaidi kisera ni suala la maana. Kiswahili kina utaratibu thabiti wa kutenganisha mti na tunda: mkunazi huzaa kunazi, mpera huzaa pera. Mkunazi nao una miiba na hufaa kwa ua, lakini hakuna anayesahau kwamba unaliwa. Kayaba halikuingia kwa utaratibu huo. Liliingia kama jina la ua, na tunda likabaki bila jina lake lenyewe. Husemwa tu “matunda ya kayaba”, yaani matunda ya ua. Ilhali tunda hilo, la mviringo na la manjano likiiva, lina vitamini C kwa wingi na ukali wake huifaa jemu. Watoto hulijua vizuri. Lakini kisicho na jina hakina safu katika jedwali la vyakula wala kidahizo katika kamusi, na mshauri wa lishe anayetegemea orodha za maandishi hatakutana nacho.

Kukimbilia jina la kisayansi hakuondoi tatizo. Kichaka hiki kimejulikana kama Dovyalis caffra, na neno hilo la pili lina shina moja na kafiri, neno la Kiarabu ambalo Waswahili wanalifahamu vyema. Wareno walilichukua, na huko kusini likaja kuwa tusi la kibaguzi dhidi ya Waafrika. Mwezi Julai 2024, Kongamano la Kimataifa la Botania huko Madrid, Hispania, liliamua kwa kura kwamba majina ya aina hiyo, yanayozidi 200, yaondolewe herufi ya kwanza, hivyo caffra iwe affra. Miongozo ya kilimo iliyochapishwa kabla ya hapo bado ina tahajia ya zamani, na wafasiri wataendelea kukutana nayo kwa miaka mingi.

Pendekezo linalofaa kufikiriwa na wanaosanifisha istilahi ni mkayaba kwa mmea, kayaba (wingi makayaba) kwa tunda, na ua la mkayaba kwa uzio. Tafsiri sisisi kama “tufaha la Kei” ingekuwa hasara: tunda si la jamii ya tufaha, na mto wenyewe haumwambii mkulima wa Kiambu au Nakuru chochote. Wazungumzaji waliozoea kuliita ua lenyewe kayaba huenda wakatatizika mwanzoni, lakini muktadha kwa kawaida hutosha kubainisha.

Utenganisho huo una manufaa shambani pia. Mikayaba ya kiume na ya kike ni mimea tofauti, na wa kike pekee ndio huzaa. Kijitabu kinachosema tu “panda kayaba” hakimwambii mkulima kwamba ua wake unaweza kuwa mzito, wenye miiba barabara, na usitoe hata tunda moja.