Sataranji ya Simu: Tumsaidieje Anayeanza?

Tulipopita Mpitimbi, huko Songea, baada ya mavuno ya mahindi, tulimkuta kijana mmoja ameketi kando ya duka, ameinamia simu yake, uso umemkunjamana. Tulidhani amepata habari za msiba. Kumbe alikuwa amefungwa mara ya kumi na saba jioni ile katika mchezo wa sataranji, ambao wengi siku hizi huuita chesi, na aliyemfunga ni mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua. "Mzee," akatuambia, "mimi akili sina. Bora niache." Kifurushi chake alikinunua kwa ujira wa kupukuchua mahindi ya watu, kwa hiyo hatukuliona neno hilo kuwa dogo.

Sisi twakataa kabisa kwamba hana akili. Tulimwomba atuonyeshe namna anavyocheza, na mara ugonjwa ukadhihirika: alikuwa akichagua michezo ya dakika moja moja. Katika dakika moja mtu hafikiri, hukimbiza kidole tu. Bingwa aweza kufanya hivyo, maana amekwisha kuona maelfu ya mapambano na mkono wake wakumbuka yale ambayo kichwa kilijifunza zamani. Anayeanza hana akiba hiyo. Na achague mchezo wa dakika 15 kwa kila upande, pamoja na sekunde 10 za nyongeza kwa kila hatua, tena acheze miwili kwa siku badala ya ishirini.

Hatua chache kutoka hapo palikuwa na mzee akicheza bao. Sataranji hajapata kuigusa maishani mwake. Alisogea, akatazama kioo cha simu kitambo, kisha akauliza, "Mwenzio amesogeza hiyo kwa nini?" Kijana hakuwa na jibu.

Twasadiki kwamba swali lile ni nusu ya elimu yote anayohitaji. Kabla hujagusa kete yako, jiulize mwenzako anatishia nini. Na kabla hujaiachilia, tazama kama huko iendako italiwa bure. Wachezaji huhesabu askari kuwa 1, farasi na askofu 3 kila mmoja, ngome 5, malkia 9. Mfalme hana bei, maana akinaswa mchezo umekwisha. Wanaoanza hawashindwi kwa hila za ajabu. Hushindwa kwa kutoa farasi na ngome sadaka pasipo kujua. (Sisi tuliosoma shule za misheni tulicheka sana tulipoambiwa kwamba askofu haendi ila mshazari.) Wala mzee yule hakuwa mgeni kama alivyodhani: bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na sataranji ina miraba 64 na kete 32.

Lakini iko hila moja ambayo kijana wetu aliangukia mara nyingi, akafungwa kwa hatua 4 tu. Mwenye kete nyeupe hutoa askofu na malkia mapema, wote wawili wakamlenga askari aliye mbele ya askofu wa upande wa mfalme, ambaye hapo mwanzo hulindwa na mfalme peke yake. Dawa yake si ngumu. Farasi mmoja akiwa amekwisha kutoka kulinda askari wa katikati, msogeze hatua moja askari aliye mbele ya farasi wa upande wa mfalme, naye malkia atakimbia. Akirudi kulenga tena kwa mbele, mtoe farasi huyo azibe njia. Tangu hapo mshambuliaji ndiye mwenye taabu, kwani malkia wake amezunguka bure huku wewe ukitoa majeshi yako.

Wako watakaosema kwamba mchezo huu si wa watu wa shamba. Na watazame Uganda. Katika mtaa wa Katwe, mjini Kampala, Robert Katende aliwafundisha watoto maskini sataranji, na wengi walivutwa kwanza na uji uliogawiwa pale. Mmoja wao, Phiona Mutesi, alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada. Mwaka 2012, katika mashindano ya mataifa huko Istanbul, alijipatia cheo cha Mgombea Ubingwa wa Wanawake, na mwaka 2016 habari zake zikatolewa katika filamu. Alianza na mwalimu na wenzake wa kushindana nao uso kwa uso. Mpitimbi, ubao waweza kuchorwa juu ya katoni, na vizibo vya soda vikawa kete.

Upande wa simu, Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, haidai senti wala haina matangazo. Ina mafumbo ya kujizoeza, na baada ya mchezo mashine yake huonyesha palipokosewa. Hata hivyo twaonya: mashine isiulizwe kwanza. Aliyefungwa aurudie mchezo wake mwenyewe, atafute hatua iliyomwangusha, ndipo amwite mwamuzi.

Jioni ya pili tulimkuta kijana pale pale. Alikuwa amecheza mchezo mmoja tu, akashindwa. Mzee wa bao alikuwa ameketi karibu naye, na wote wawili wakibishana kwa sauti kuhusu hatua ya kumi na nne.