Je, Nyota wa Kriketi Hukabwa na Woga?

Kila michuano mikubwa ya kriketi inapofikia hatua ya mtoano, hurudi lawama ile ile: fulani ni simba wa mechi ndogo, bali siku ya siku hukabwa koo na woga. Wapenzi wa mchezo huu huitoa hukumu hiyo upesi mno. Sisi twaona yafaa itazamwe upya, maana humpaka mtu tope miaka na miaka, na pengine kosa lake ni kushindwa tu.

Tumchukue Virat Kohli wa India. Katika nusu fainali tatu za Kombe la Dunia la ova 50 alipata mikimbio 9 mwaka 2011, mkimbio 1 mwaka 2015, na 1 tena mwaka 2019. Azionaye tarakimu hizo peke yake hatakosa kutikisa kichwa. Lakini hiyo mechi ya 2019, kule Manchester, ilikuwaje? Mvua iliikatiza hata ikamalizika siku ya pili, nao Wahindi wakaanza kupiga huku mpira mpya ukipinda hewani. Rohit Sharma, aliyekwisha kupata mikimbio mia au zaidi mara tano katika michuano hiyo, alitolewa kwa mkimbio 1. K. L. Rahul, 1. Kohli, 1. Je, wote watatu walishikwa na kiwewe kwa mpigo mmoja? Ni rahisi zaidi kusadiki kwamba Matt Henry na Trent Boult wa New Zealand walirusha vyema.

Tena kriketi si kandanda. Mshambuliaji akikosa goli dakika ya tano, anazo themanini na tano za kujirudi. Mpigaji akikosea mpira mmoja, huenda kuketi. Na Kohli huyo huyo alipata 77 katika fainali ya ova 20 ya mwaka 2014, na 89 bila kutolewa katika nusu fainali ya 2016, mechi ambazo India ilishindwa zote mbili. Mwaka 2023, katika nusu fainali mjini Mumbai, alipata 117.

Basi woga wenyewe ni upi? Kwa maoni yetu, ni mtu kuacha kulitenda lile alijualo. Mfano wake ni nusu fainali ya tarehe 17 Juni, 1999, uwanja wa Edgbaston, Birmingham. Afrika Kusini ilihitaji mikimbio 9 katika ova ya mwisho dhidi ya Australia, ikiwa imebakiwa na wiketi moja. Lance Klusener, aliyekuwa moto wa kuotea mbali katika michuano hiyo, alipiga mipira miwili ya kwanza hadi mpakani, nne na nne. Hesabu ikawa sare, 213 kwa 213. Ulitakiwa mkimbio mmoja kwa mipira minne! Mpira wa tatu, Allan Donald aliponea chupuchupu kutolewa. Wa nne, Klusener alipiga akakimbia. Donald akasimama akiutazama mpira, akaangusha gongo lake, akaanza kukimbia wakati umekwisha kupita. Sare hiyo iliwavusha Waaustralia kwa matokeo ya hatua iliyotangulia. Hapo, ndugu msomaji, hatuna la kutetea.

Lakini tangu siku ile kila kushindwa kwa Afrika Kusini kumetiwa katika kapu hilo, hata kwa mambo yaliyotangulia. Mwaka 1992, mjini Sydney, ilihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13 dhidi ya Uingereza; mvua ikanyesha, na kanuni ya siku zile ikaiachia mpira mmoja na mikimbio 21. Nani angeweza?

Inayotutatiza ni fainali ya ova 20 ya mwaka 2024, Bridgetown. Afrika Kusini ilihitaji mikimbio 30 kwa mipira 30, Heinrich Klaasen akiwatandika Wahindi atakavyo, nayo ikashindwa kwa mikimbio 7. Wengi walipaza sauti: wamekabwa tena! Sisi tunawakumbuka Jasprit Bumrah, ambaye mipira yake ilikuwa haipigiki, na Suryakumar Yadav aliyeudaka mpira wa David Miller mpakani kabisa, akaurusha juu, akatoka nje, akarudi kuudaka tena.