Utaratibu wa Kubaini Chanzo cha Ulaji Mkubwa wa Mafuta katika Pikapu ya Zamani

Pikapu ya zamani ya petroli inapodaiwa kula mafuta kupita kiasi, lawama huangukia kabureta mara moja. Makala haya yanaonesha kuwa hatua ya kwanza yapaswa kuwa kipimo. Tangi hujazwa pomoni, gari hutumika katika shughuli zake za kawaida, kisha hujazwa tena. Lita zilizoongezwa hulinganishwa na kilomita zilizosafiriwa. Hata hivyo, kilomita nazo zahitaji kuhakikiwa, kwa kuwa kipima masafa huhesabu mizunguko, si umbali wenyewe. Endapo mzingo wa matairi yaliyofungwa umezidi ule wa matairi ya awali kwa asilimia 10, safari ya kilomita 110 husomeka kuwa 100, na ulaji huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Tatizo likithibitika, uchunguzi huanzia kwenye yale mepesi: upepo wa matairi, breki zinazobana magurudumu hata zikiachiwa, kichujio cha hewa na choki isiyofunguka kikamilifu. Yote hayo yakiwa sawa, na bado moshi ni mweusi na plagi zina masizi makavu, ndipo kabureta hustahili kufunguliwa. Utaratibu huu humwepusha mmiliki na gharama ya kutibu ugonjwa usiokuwapo.