Kweli au Uongo? Yanayosemwa Juu ya Mbawakawa wa Giza

Fungua gunia la unga wa mahindi lililosahaulika stoo pale Kamembe, hapa Rusizi nchini Rwanda, nawe utamwona: mdudu mwembamba, rangi ya kutu, urefu wa milimita 3 au 4, anajizika ndani ya unga mara tu mwanga unapomfikia. Fukua maranda ya banda la kuku, umwone ndugu yake, mweusi wa kung'aa, milimita 6 hivi. Wote wawili ni wa ukoo mmoja, Tenebrionidae, jina lililotokana na neno la Kilatini la giza. Ukoo huo una spishi zaidi ya 20,000 duniani. Mimi huwaita mbawakawa wa giza, nawafuga kwenye masanduku chini ya meza, na kila mgeni anayechungulia ana hadithi yake juu yao. Bila shaka nawe umezisikia. Tuzipime.

"Unga ukikaa sana, unazaa wadudu wenyewe."

Uongo. Jike wa mbawakawa mwekundu, Tribolium castaneum, hutaga mayai madogo mno yenye utando wa kunata. Unga hujipaka juu ya yai, likawa halionekani tena. Wiki kadhaa baadaye unafungua gunia, unakuta wadudu, unasema wametoka hewani. Wametoka kwenye gunia la zamani ambalo halikukung'utwa, au kwenye nyufa za mashine ya kusaga.

"Huyo mwekundu ndiye anayetoboa mahindi."

Uongo, na anaonewa. Punje nzima, kavu, isiyo na ufa humshinda. Anayetoboa ni fukusi, yule ambaye kwa Kinyarwanda huitwa imungu, mwenye mdomo mrefu kama mkonga. Mwekundu anakuja nyuma yake kula vumbi na vipande.

"Majivu na jua la uani huwamaliza."

Kweli tupu. Hapa bibi zetu hawakuhitaji kufundishwa na mtu. Ngozi ya mdudu imepakwa nta nyembamba sana inayomzuia kukauka. Chembe za majivu huikwaruza na kuifyonza, naye hupoteza maji mpaka afe. Tena majivu yakijaa kati ya punje, hana pa kupita. Jua nalo hufanya kazi mbili. Hukausha nafaka, na nafaka kavu haimpi mdudu nafasi nzuri ya kuzaliana. Pili, huwapika: joto la nafaka likifika nyuzi 50 na kuendelea, wadudu wengi wa ghala hufa kwa muda mfupi. Mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai jeusi saa za mchana yanaweza kufika hapo. Mfugaji naye achukue somo lilelile kwa upande wa pili: sanduku lako lisiachwe juani hata kwa saa moja, na usimwage majivu karibu nalo.

"Kila mdudu mweusi anayekimbia gizani ni mmoja wao."

Uongo, na hapa ndipo wafugaji wapya wanapokosea zaidi. Mende ana vipapasio virefu kama uzi na mabawa laini. Fukusi ana mkonga. Anayechanganya watu hasa ni mbawakawa mwindaji wa bustanini, mwenye taya zilizochongoka mbele na mbio kali. Ukimtia kwenye sanduku la mabuu, asubuhi utahesabu hasara.

Njia ya hakika ni kuhesabu pingili za nyayo. Mbawakawa wa giza ana pingili 5 miguu ya mbele, 5 miguu ya kati, na 4 miguu ya nyuma. Mwindaji ana 5 kote. Kisha tazama kichwa. Vipapasio vimepangwa kama shanga, kwa kawaida 11, na mashina yake yamejificha chini ya ukingo wa kichwa. Jicho mara nyingi limekatwa kidogo kwa mbele, mfano wa haragwe. Kwa wale wakubwa, picha ya simu ukiikuza inatosha. Kwa mwekundu wa unga, tafuta kioo cha kukuzia. Ukimgusa akalala chali, usimtupe: wengi wa ukoo huu hujifanya wafu, wakasubiri uondoke.

"Wanang'ata, na wana sumu."

Uongo, wenye punje ya ukweli. Hawana mwiba na hawatafuti damu. Wana tezi zinazotoa kemikali za kujikinga ziitwazo kwinoni, na ndizo zinazoacha harufu kali na doa la kahawia kidoleni. Nawa mikono, basi. Lakini unga uliojaa wadudu mpaka ukanuka na kugeuka rangi ya waridi, usiupike. Wapo pia watu ambao vumbi la sanduku huwaletea chafya na muwasho. Hao wafunike pua wanapochekecha.

"Bugarama wanazaana haraka kuliko Kamembe."

Kweli. Mto Rusizi unakopita Bugarama ndiko mahali pa chini kabisa Rwanda, mita 950 juu ya usawa wa bahari, na joto lake unalijua. Buu wa unga anayefugwa duniani kote, Tenebrio molitor, hupenda nyuzi 25 hadi 28. Kwenye vilima vya Kamembe vinavyotazama Ziwa Kivu atakua, ila atachelewa. Weka sanduku upande wa jiko, mbali na moshi.

"Wape maji kwenye kisahani."

Uongo. Watazama, na pumba zitaota ukungu. Kipande cha karoti au kiazi, kibadilishwe kabla hakijaoza, kinawatosha. Katika jangwa la Namib yuko jamaa yao anayesimama kichwa chini kwenye ukungu wa alfajiri, matone yakateremka mgongoni mpaka mdomoni. Watu wa ukoo huu wanajua kubana maji.

"Ukiwajaza wengi sanduku moja, watazaa zaidi."

Uongo. Jike wa Tenebrio anaweza kutaga mayai mia kadhaa maishani, lakini wakubwa hula mayai na pupa wao wenyewe. Kila baada ya wiki moja au mbili, hamisha wakubwa kwenye sanduku jingine, uyaache mayai kwenye pumba za ngano yakaanguliwe. Zophobas, yule mkubwa aliyetoka Amerika ya Kati na Kusini, ana msimamo mkali zaidi: buu wake akibanwa na wenzake hageuki pupa kabisa. Mtenge peke yake kwenye kikopo, na baada ya wiki moja au mbili utamkuta amejikunja, tayari kugeuka.

"Dume na jike hawajulikani."

Uongo. Subiri hatua ya pupa, mgeuze tumbo juu, tazama karibu na mkia: jike ana vijinundu viwili vilivyochomoza wazi, dume vyake ni vidogo. Na atakapotoka akiwa mweupe kama maziwa, usidhani ni mgonjwa. Siku chache tu, atapita kwenye kahawia mpaka awe mweusi.

"Mabuu wa banda la kuku ni chakula cha bure."

Uongo. Yule mweusi wa kwenye maranda hubeba vimelea, salmonela wakiwemo, kutoka kundi moja la kuku hadi lifuatalo. Ukitaka kulisha vifaranga, zalisha wako kwenye pumba safi.

"Wanakula plastiki."

Kweli, kwa kiasi. Mwaka 2024, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kilitoa matokeo ya utafiti ulioongozwa na Fathiya Khamis juu ya mabuu wa Alphitobius, jamii ya yule mweusi wa kwenye maranda, nchini Kenya. Walilishwa ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungia televisheni kwenye katoni. Waliopewa pamoja na pumba waliishi vizuri kuliko waliopewa plastiki peke yake, na katika muda wa jaribio walivunjavunja karibu asilimia 11.7 ya plastiki hiyo. Bakteria wa tumboni mwao ndio wanaosaidia. Kwetu Rwanda, ambako mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, habari hii inanipa matumaini ya kweli. Ila buu aliyelishwa plastiki asiingie kwenye chakula cha kuku.

"Wa porini ndio imara, kawachukue msituni."

Uongo, tena wa kukataa waziwazi. Msitu wa Cyamudongo, hapa hapa wilayani Rusizi, ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023. Mbawakawa wa magogoni wanageuza mti mfu kuwa udongo, na hakuna sanduku litakalowapa gogo la miaka mingi. Wala usiwapeleke wako huko: ukichoka kuwafuga, wagandishe kwenye friza, uwape kuku. Msituni nenda na mwongozaji, umwombe akuonyeshe gogo lililooza kando ya njia. Piga magoti, washa tochi, hesabu pingili: 5, 5, 4.