Kikomo kwanza, soko baadaye: Nani alipie tope la Ruvu?

Mvua kubwa ikinyesha kwenye milima ya Uluguru, habari zake hufika Mlandizi zikiletwa na mto wenyewe. Maji ya Ruvu hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na mafundi wa mitambo ya maji ya Ruvu Juu huongeza dawa ili tope lizame kabla maji hayajaingia kwenye mabomba. Gharama ya dawa hiyo, pamoja na umeme na kazi ya kusafisha machujio, mwishowe inaangukia kwenye ankara ya mteja wa DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Aliyelima mteremko bila kinga halipi. Aliyekata miti kingo za mto halipi. Na mwananchi wa bondeni anayeteka maji kwa ndoo, asiye na dawa wala chujio, hulipa kwa afya yake.

Kata ya Janga, Wilaya ya Kibaha, jirani na mji mdogo wa Mlandizi, ni mahali pazuri pa kuutazamia mkasa huu. Juu yake iko milima inayozaa mto, na mji wa Morogoro wenye viwanda vilivyo katika bonde la Ngerengere, mto unaoingia Ruvu. Chini yake liko jiji la Dar es Salaam lenye kiu isiyokwisha. Mitambo ya Ruvu Juu ilijengwa mwaka 1959 na sasa ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Ile ya Ruvu Chini, Bagamoyo, lita milioni 270. Maji ya Ruvu Juu husukumwa hadi kwenye matangi ya Kibamba, na tangu mwaka 2020 sehemu yake hupanda kutoka Kibamba hadi Kisarawe, mji uliokuwa na shida ya maji kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayefungua bomba Kisarawe leo ana maslahi katika shamba la mtu wa Uluguru ambaye hajawahi kumwona.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mtoni haiko hivyo. Mtoni mchuma janga yuko juu, na wanaokula ni wa chini. Sheria zote za kulinda mito zinajaribu kurekebisha hilo, na mojawapo ya njia zilizobuniwa ni ya kushangaza kidogo: kuufanya uchafuzi kuwa kitu cha kununua na kuuza.

Hesabu ya viwanda viwili

Wazo hilo lilipata umbo mwaka 1968, pale mchumi wa Canada, J. H. Dales, alipochapisha kitabu kuhusu uchafuzi, umiliki na bei. Hoja yake inaeleweka kwa hesabu ndogo.

Tuseme viwanda viwili vinamwaga majitaka katika mto mmoja, kila kimoja kilo 100 za uchafu kwa siku. Mamlaka inapima na kuona kwamba mto hauwezi kubeba zaidi ya kilo 120. Lazima kilo 80 ziondoke. Njia tuliyoizoea ni kuamuru kila kiwanda kipunguze kilo 40. Lakini kiwanda kipya chenye mitambo ya kisasa hutumia Sh1,000 kuondoa kilo moja, na kile kikuukuu Sh5,000. Gharama ya jumla ni Sh240,000 kwa siku.

Sasa tuseme kila kiwanda kinapewa kibali cha kilo 60, na kibali hicho kinauzika. Kiwanda kipya kinaondoa kilo zote 80, kinabaki na ziada ya kilo 40, na kukiuzia kiwanda kikuukuu ziada hiyo kwa Sh3,000 kwa kilo. Kikuukuu kinatoa Sh120,000 badala ya Sh200,000. Kipya kinatumia Sh80,000 na kupokea Sh120,000. Mto umepata kilo zake 80 zile zile, kwa theluthi moja ya gharama.

Msomaji wa Tanzania haoni ugeni mkubwa hapa. Biashara ya kaboni tumeshaizoea. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, humo humo katika bonde la Wami/Ruvu. Lakini hewa ni moja duniani kote, na tani ya kaboni iliyozuiwa Katavi ina thamani ile ile hata kama mnunuzi yuko Ulaya. Mto una juu na chini. Kilo ya uchafu iliyoondolewa mahali pasipofaa haimsaidii mtu aliye kati ya hapo na mchafuzi.

Wapi limefanya kazi

Jimbo la Wisconsin, Marekani, lilijaribu mapema, mwaka 1981, katika mto Fox wenye viwanda vingi vya karatasi. Masharti yalikuwa mengi, wanunuzi wachache, na katika miaka ya mwanzo soko hilo lilishuhudia biashara moja tu. Vibali vilikuwepo, ila hakuna aliyekuwa na sababu ya kuvihangaikia.

Mto Hunter, jimbo la New South Wales nchini Australia, una habari tofauti. Huko tatizo ni chumvi: migodi ya makaa ya mawe na vituo vya umeme humwaga maji ya chumvi, na wakulima wa chini wanayahitaji maji ya mto huo huo kwa umwagiliaji. Mpango wa majaribio ulianza mwaka 1995, na mwaka 2002 ukawekewa kanuni kamili. Vibali ni 1,000, na kila kimoja humpa mwenyewe sehemu moja kati ya elfu ya chumvi yote inayoruhusiwa siku hiyo. Mto ukiwa na maji kidogo, hakuna anayeruhusiwa kumwaga hata tone. Maji yakiwa mengi, kila mmoja humwaga kadiri ya vibali vyake, na aliyepungukiwa hununua kwa mwenzake. Vipimo vya chumvi vimewekwa kando ya mto na husomwa muda wote.

Hunter imefaulu kwa sababu tatu. Wachafuzi ni wachache na wanajulikana kwa majina. Chumvi hupimwa kirahisi, kwa kuangalia jinsi maji yanavyopitisha umeme. Na kikomo kiliwekwa kabla ya soko kufunguliwa, ndiyo maana kibali kikawa na bei. Sababu ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Mahali ambapo kila mtu anaweza kumwaga bure, hakuna mwenye akili atakayenunua ruhusa ya kumwaga.

Matuta yale yale, mara mbili

Ruvu nayo ina historia yake ya kutafuta nani alipe, na imeandikwa kwenye miteremko ya Uluguru.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi ili udongo usiporomoke. Kazi ilikuwa nzito, faida yake shambani haikuonekana, na asiyechimba aliadhibiwa. Mwaka 1955 hasira zililipuka Matombo, wananchi wakakabiliana na serikali, na mpango ukafa. Waluguru waliambiwa wabebe gharama yote, na faida iende kwa wengine.

Miaka zaidi ya 50 baadaye matuta yalirudi kwa sura nyingine. Mashirika ya CARE na WWF yalianzisha mradi wa malipo ya haki kwa huduma za bonde katika eneo la Kibungo, kwenye vyanzo vya mto Mfizigo unaoingia Ruvu. Safari hii mkulima aliyechimba matuta, aliyepanda miti shambani au kuweka mistari ya nyasi kuzuia udongo alilipwa, kulingana na eneo alilohifadhi na aina ya kinga aliyoweka. Miongoni mwa walioingia makubaliano kama wanunuzi ni DAWASCO, shirika lililokuwa likisambaza maji Dar es Salaam kabla ya kuunganishwa na DAWASA mwaka 2018, na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza. Kazi ambayo mwaka 1955 ilizusha ghasia sasa ilifanywa kwa mkataba.

Kwa maneno mengine, bonde la Ruvu limewahi kuwa na nusu ya soko. Muuzaji alikuwepo, mnunuzi alikuwepo, bidhaa ilikuwepo: udongo uliobaki shambani. Kilichokosekana ni ulazima. Hakuna kanuni iliyomwambia mnunuzi kwamba tope la mto lisizidi kiasi fulani, na kwamba asipolipa atakuwa amevunja sheria. Malipo ya namna hiyo, hata yakiitwa ya soko, yanasimama juu ya hiari ya kampuni na fedha za wafadhili. Mradi una tarehe ya mwisho, mvua haina.

Jirani zetu wa Kenya wamepita njia hiyo hiyo. Ziwa Naivasha, jumuiya ya watumia maji yenye wakulima wakubwa wa maua ilianza kuwapa wakulima wadogo wa juu vocha za pembejeo ili watunze miteremko yao. Mwaka 2015 ukazinduliwa mfuko wa maji wa Tana Juu na Nairobi, uliotajwa kuwa wa kwanza wa aina yake Afrika. Waasisi wake walikadiria kwamba dola milioni 10 zikiwekezwa kwenye mashamba ya milimani zingerudisha faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30. Cha kujifunza hapo ni kwamba Nairobi ilitafuta fedha za kudumu, zilizo nje ya bajeti ya mradi mmoja.

Pengo katika sheria yetu

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kwamba anayechafua ndiye alipe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayemwaga majitaka mtoni awe na kibali cha bodi ya maji ya bonde. Kwa Ruvu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao Morogoro. Viwango navyo vipo: uchafu unaokula oksijeni majini, unaopimwa kwa BOD, usizidi miligramu 30 katika kila lita ya majitaka.

Tatizo limejificha katika maneno hayo, "kila lita". Kiwango kinahesabu lita inayotoka kwenye bomba la kiwanda kimoja. Hakihesabu mto. Viwanda kumi vinaweza kutii sheria, kila kimoja miligramu 29, na bado kwa pamoja vikaulemea mto wakati wa kiangazi. Oktoba na Novemba 2022, kina cha Ruvu kiliposhuka na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji, kila mtu alizungumzia uchache wa maji. Wachache walikumbuka kwamba maji yakipungua, uchafu ule ule unakuwa mzito zaidi.

Kikomo cha mto mzima, kinachopanda na kushuka na maji kama cha Hunter, ndicho tunachokikosa. Bila hicho, soko la vibali Ruvu litakuwa maigizo.

Kikiwepo, uchafu wenyewe ndio utakaoonyesha njia. Majitaka ya viwanda vya bonde la Ngerengere yanatoka kwenye mabomba yanayojulikana. Hayo yanaweza kupimwa, kupewa kilo zake na hata kuuzwa kati ya kiwanda na kiwanda. Tope la Uluguru linatoka kwenye maelfu ya mashamba, na hakuna awezaye kulipima shamba kwa shamba. Marekani hutatua hilo kwa kudai, mara nyingi, kilo mbili za makadirio kutoka shambani kwa kila kilo moja inayomwagwa na kiwanda. Kwa Ruvu ni rahisi zaidi kuweka sehemu ndogo ya ankara ya maji ya Dar es Salaam, Kibaha na Kisarawe kuwa malipo ya kudumu kwa vijiji vya milimani.

Kuna mipaka isiyouzika. Sumu na metali nzito haziingii kwenye mizani hii. Sera ya Marekani ya mwaka 2003 iliruhusu biashara ya mbolea iliyoyeyuka na ya tope, na ikaziweka kando sumu zinazojikusanya mwilini. Tena mnunuzi anunue kwa aliye juu yake. Kiwanda kikimwaga juu na kununua unafuu wa chini, wananchi wa katikati watabaki na mto mchafu wenye hati safi.

Kwala haisubiri

Haya yangekuwa mazungumzo ya wasomi kama bonde lingekuwa limetulia. Halijatulia. Kwala, wilaya hiyo hiyo ya Kibaha, bandari kavu imeanza kazi, reli ya kisasa inapita, na eneo la viwanda la Sino-Tan limepangwa kubeba viwanda zaidi ya 200. Bwawa la Kidunda, la lita bilioni 190, linajengwa juu ya mto kuhakikisha maji kiangazi. Wachafuzi wa kesho wanaomba vibali leo.

New Zealand inajua gharama ya kuchelewa. Katika Ziwa Taupo, wafugaji walikuwa wameshazoea kutiririsha naitrojeni bure kabla ya kikomo kuwekwa. Serikali ilipotaka ipungue kwa asilimia 20, ilibidi uundwe mfuko wa umma wa karibu dola milioni 80 za nchi hiyo ili kununua haki ambazo hakuna aliyewahi kuzilipia. Lengo lilifikiwa, ila mlipakodi ndiye aliyelipa.

Bodi ya Wami/Ruvu haihitaji kuanza na soko. Ianze na namba moja: kilo ngapi Ruvu unaweza kubeba hapo Mlandizi, mwezi wa ukame, na bado ukafaa kunyweka. Kila kibali kipya cha Kwala kikatwe ndani ya namba hiyo, kiwe na muda wa kuisha, na kisomeke hadharani. Hilo likifanyika kabla viwanda havijajaa, soko likija litapata kitu cha kuuza. Likifanyika baadaye, mteja wa maji wa Kisarawe atalipia usafi wa mto mara mbili: kwanza kwa dawa ya kuzamisha tope, kisha kwa kodi ya kununua tena haki ya mto wake.