Mstari Unaojichora Kwenye Bandama

Funga tawi moja la ateri ya bandama, kisha subiri. Sehemu iliyokuwa ikilishwa na tawi hilo inaanza kugeuka rangi: inakolea, inakuwa zambarau inayokaribia weusi, ilhali ya jirani yake inabaki na wekundu wake. Baina yake na ile nyekundu unatokea mstari ambao hakuna mkono uliouchora. Hapo kisu kinaweza kupita damu isimwagike kwa wingi, kwa kuwa matawi ya ateri yamegawana bandama kama ndugu waliogawana shamba la urithi, na mpakani mishipa ni michache.

Tangu nikutane na habari za mstari huo, haujanitoka akilini.

Aliyeutegemea ni Marcelo Campos Christo, daktari mpasuaji wa Brazil. Mwaka 1962 alichapisha taarifa ya wagonjwa wanane aliowakata sehemu tu ya bandama. Enzi hizo bandama ikipasuka ilitolewa yote. Ni kiungo laini, kimejaa damu, uzi wa kushonea unakichana. Tena iliaminika mtu anaishi vizuri tu bila hiyo. Campos Christo akaanza na mishipa. Funga tawi linaloingia kwenye sehemu iliyosagika, kata panapoishia uhai, shona ukingo, bakiza kilicho kizima. Kazi hiyo inatetea jambo moja: jeraha la upande mmoja si sababu ya kukitupa kiungo kizima.

Muongo mmoja nyuma, 1952, madaktari King na Shumacker wa Marekani walikuwa wameeleza watoto wachanga walioshambuliwa na maambukizi makali baada ya kutolewa bandama. Kiungo hiki huchuja damu na kunasa bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kwetu kinachuja pia chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria. Malaria hiyo hiyo huivimbisha bandama, hata ikawa rahisi kupasuka. Kijana aliyeanguka na bodaboda akatolewa bandama yote anarudi kwenye mbu wale wale, kinga yake imepungua.

Siwalaumu wapasuaji. Mgonjwa ambaye presha imeshuka na damu inajaa tumboni hawezi kungoja mstari. Kuitoa yote ndiko kunakomwokoa. Na siku hizi wengi ambao presha yao imetulia hawapasuliwi kabisa: wanapigwa picha ya CT, wanalazwa na kuangaliwa kwa karibu. Lakini pasipo na CT, wala damu ya kutosha benki, usiku wa manane?

Na kipande kikubwa kiasi gani kinatosha? Wapo wapasuaji waliopandikiza vipande vya bandama kwenye utando wa mafuta wa tumboni. Vinaota mishipa, vinachuja tena chembe nyekundu, lakini wapo wenye vipande hivyo waliokufa kwa maambukizi. Na yule aliyeruhusiwa kwenda nyumbani bila bandama, nani kamwambia kuwa anahitaji chanjo, na kuwa homa yoyote sasa ni ya kukimbilia hospitali siku ile ile?