Neno Habari na Kazi ya Gazeti

Neno habari, lenye asili ya Kiarabu, lina matumizi mawili katika Kiswahili. Katika maamkizi, aulizwaye "Habari gani?" hujibu "Njema" hata akiwa na msiba, ndipo aeleze yaliyompata. Jibu hilo ni la adabu, wala si ushahidi. Katika gazeti, neno hilo hudai jambo liwezalo kuthibitishwa.

Matumizi haya ya pili yalienezwa na magazeti kama Msimulizi, lililotolewa na wamisionari Unguja tangu 1888, na Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Nakala moja iliweza kusomwa kwa sauti mbele ya wengi wasiojua kusoma. Msomaji alijulikana, na mtoaji wa gazeti alijulikana. Jambo hilo halikuhakikisha ukweli, maana Mambo Leo lilikuwa la serikali ya kikoloni. Lakini mwenye shaka alijua maneno ni ya nani.

Siku hizi taarifa nyingi hupita katika simu bila jina la aliyezianzisha. Methali "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja" huweza kutumiwa kumkinga mvumishaji, na mzigo wa shaka ukamwangukia msikilizaji. Basi yampasa mwandishi wa habari aeleze nani kasema, wapi na lini, na asahihishe akosapo. Umma nao hauna budi kuuliza hayo kabla ya kuyapokea maneno. Pasipo maswali hayo, uvumi na habari havitatofautiana ila kwa jina.